Jiwe Aliloliona Mbuyi

9 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo mchana, imenikuta nina hasira tayari. Mbuyi, binti wa Mama Victorine, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Bel-Air, Lubumbashi, aliingia amelowa mpaka magotini kunipa habari ambayo mji wenye akili timamu ungeipigia vigelegele.

Miaka sita iliyopita, akiwa msichana wa miaka kumi na tano katika klabu ya sayansi ya shule yake, Mbuyi aliona nukta inayosogea kwenye picha za anga. Kuna mpango wa kimataifa unaotuma picha hizo mashuleni: picha nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana muda kidogo. Unazibadilisha upesi kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Nyota zinatulia mahali pake. Kama kitu kinahama, hicho si nyota. Chake kilihama. Ni jiwe la kilomita chache, jeusi kama makaa, linalozunguka jua kule kwenye ukingo wa nje wa mkanda wa mawe ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Wanaastronomia wamelifuatilia miaka yote hii mpaka wakawa na hakika na njia yake. Sasa limepewa namba ya kudumu, na aliyeliona kwanza ana haki ya kulipendekezea jina.

"Haki hiyo ni ya nani?" nikamuuliza.

"Yangu, tantine. Lakini Promota anasema ni ya shule."

Promota ni Mwenya, mwenye shule. Aliwahi kukaa kipindi kimoja katika bunge la mkoa, na tangu hapo hata mkewe anamwita Honorable. Anataka jiwe liitwe Mwenya.

Nilidhani wakubwa wetu wametosheka na shaba na kobalti, vitu vya chini ya ardhi. Kumbe walikuwa hawajainua macho tu.

12 Novemba

Mvua. Hakuna umeme. Nimeandika kurasa nne na kuzichana tatu.

16 Novemba

Nimekwenda kumwona Gérard, mwalimu wa fizikia aliyeongoza klabu ile. Kwa kanuni za mpango, yeye ndiye anayetuma pendekezo la jina. Nilimkuta mlangoni mwa darasa anasukuma maji kwa ufagio, kwa sababu bati la shule ya Honorable linavuja.

"Prof, niambie tu. Nani aliiona nukta?"

"Mbuyi."

"Mwingine yeyote alimsaidia?"

"Hapana. Mimi mwenyewe nilimwambia ni uchafu wa kioo."

"Basi tuma jina atakalotaka yeye."

Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Mama Michelle, miye niko na batoto bane na promota mumoja."

"Wewe ni mwoga."

"Ndiyo, mama," akajibu, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula. Akaendelea kusukuma maji.

Nimemdharau njia nzima mpaka nyumbani.

23 Novemba

Mama Victorine anauza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini. Leo amenionyesha kikwembe kipya ambacho Promota amekwisha kuchapisha na kuwagawia wauzaji: bluu, nyota za manjano, na katikati uso wake mwenyewe, chini yake maneno NYOTA MWENYA. Anaandaa sherehe ya wazazi mwezi wa kwanza, anaiita ubatizo.

"Si nyota, ni jiwe," nikasema. "Na halionekani kwa macho. Hata kwa darubini ya shule lisingeonekana, kama shule ingekuwa na darubini."

"Sijue miye," akasema Mama Victorine. "Najua tu rangi inatoka. Niliifua mara moja, uso yake ikabakia nusu. Na ile nusu vilevile haiuzike."

Tulicheka mpaka Mbuyi akatoka chumbani kutuangalia. Ndicho kicheko changu pekee cha wiki hii.

30 Novemba

Makala yangu imetoka gazetini. Nimesema mambo mawili. La kwanza: katika mkanda ule lipo tayari jiwe linaloitwa Katanga. Liligunduliwa Johannesburg mwaka 1939, likapewa jina la mkoa wetu, na hakuna mtu wa nchi hii aliyeulizwa. Kwa hiyo kupewa majina na wengine tunakujua. Hili ni letu la kwanza kulipa jina sisi wenyewe, na tunataka kulifanya bango la kampeni. La pili: kanuni za kamati ya wanaastronomia zinakataza jina la mwanasiasa mpaka ipite miaka mia moja tangu kufa kwake. Nikamalizia hivi: Honorable afe kwanza, halafu tutangoja.

Watu wananipigia simu tangu asubuhi. Mhariri anasema gazeti limekwisha kabla ya saa sita.

4 Desemba



Leo redio moja ya hapa mjini ilifungua simu kwa wasikilizaji kuhusu "nyota ya Lubumbashi". Mtu mmoja aliyejiita mwana wa nchi akasema: "Hii kitu imeonekana ku Katanga, jina ikuwe ya Katanga. Mukasai akitaka nyota, aende kutafuta kwabo." Mtangazaji akacheka. Sikumsikia akimkatiza, sikumsikia akiomba radhi. Alicheka, akaweka muziki.

Niandike hapa kile ambacho mhariri hatakichapisha chote. Mimi ni mtu wa Kabalo, kaskazini mwa Katanga, Mkatoliki, binti wa fundi wa reli. Hakuna atakayenifundisha mimi nani ni mwana wa nchi. Mwaka 1992 baba yangu alikuwa kazini Likasi wakati watu wa Kasai walipofukuzwa majumbani mwao na kurundikwa stesheni kungoja treni. Waliitwa wadudu. Walizaliwa hapa, wazazi wao waliletwa na makampuni kuchimba na kujenga reli ileile, na waliambiwa warudi kwao. Baba alirudi nyumbani jioni moja, akakataa chakula, akasema tu: "Kuna watoto wanazaliwa kwenye zege." Mpaka anakufa hakusimulia zaidi.

Mama Victorine alikuwa mmoja wa watoto waliolala kwenye zege lile, msichana wa miaka kumi na miwili. Treni ya familia yake haikufika. Ndiyo maana yuko hapa, anauza vikwembe, na binti yake anaona mawe ambayo wana wa nchi hawakuyaona.

Wakati redio inaendelea aligonga mlango wangu.

"Mama Michelle, zima ile kitu."

"Acha niwasikie. Nataka kuwajibu neno kwa neno."

"Zima. Unaweka sauti ya juu, mutoto iko nasikia kupita ukuta."

Nilizima. Aliondoka bila kuaga.

5 Desemba

Nimewajibu. Kurasa sita. Mhariri amekubali mbili.

19 Desemba

Mvua siku ya nne mfululizo. Kuta zimeota ukungu. Gérard nilimwona barabarani akavuka upande wa pili.

11 Januari

Ubatizo umefanyika, kama kuzama majini kunaweza kuitwa hivyo. Wazazi walikuja na watoto wao kuangalia nyota. Saa kumi jioni, mawingu mpaka kwenye paa, mvua inapiga turubai, na Honorable jukwaani ananyoosha kidole juu. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Njo ile ya ku poto?" Alikuwa anaangalia taa ya mlingoti. Watu wakaangua kicheko, na Promota akadhani wanamshangilia.

Kwa kuwa nilikwisha kumfungia mlango wa jina lake, ametangaza jina jipya: la marehemu mama yake. Hakuwa mwanasiasa, kanuni zinamruhusu. Mbuyi alikaa safu ya mwisho. Hakuitwa mbele.

Mpango umeweka mwisho wa kupokea majina kuwa tarehe 31 Machi.

25 Januari

Nimeanzisha kampeni: LIITWE MBUYI. Ni desturi ya wanaastronomia kwamba mgunduzi hajipi jina mwenyewe, lakini mwalimu wake anaweza kumpendekeza. Basi nimemwandikia Gérard hadharani, gazetini, kwa jina lake. Nataka jina la msichana wa Kiluba wa Kasai lizunguke juu ya vichwa vyao na mwana wa nchi yule wa redioni alijue kila akiinua uso. Watu wamesaini. Wanafunzi wa chuo kikuu wamesaini. Padre wa parokia yetu amesaini.

1 Februari

Nimekutana na Gérard. "Mama, unaniua," amesema. Nimemjibu kwamba bado yuko hai na kalamu anayo.

8 Februari

Leo nimenunua kasha la Fanta nikaenda kwa Mama Victorine kumpa habari njema: saini zimepita elfu, Gérard ameanza kulegea, jiwe litaitwa Mbuyi. Nilitarajia vigelegele. Alikuwa anakunja vikwembe, hakuacha kukunja.

"Umepatia mumoja," akasema. "Ya mwingine iko wapi?"

"Mwingine nani?"

Akaweka kikwembe chini. "Mbuyi anazaliwaka peke yake?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniunguza. Kila mtu katika mji huu anajua kwamba kwa Waluba wa Kasai Mbuyi ni pacha wa kwanza na Kabanga ni wa pili, na aliye na jina moja ana ndugu mwenye la pili. Sokoni wanamwita mama huyu Mama Mapasa, mama wa mapacha, mchana kutwa. Mimi nilihamia hapa miaka minne iliyopita, nikamwona Mbuyi yuko peke yake, nikadhani wa pili alikufa, nikaona adabu ni kutouliza. Na kwa upumbavu wangu nikamwambia hivyohivyo.

"Ulizani mutoto yangu alikufa?" Alisimama. "Miaka ine tuko majirani, na hukuya hata siku moja kunipa pole?"

Nilishusha kasha la Fanta sakafuni.

"Kabanga iko muzima! Iko Kilwa, ile yetu ya ku ziwa, anatengeneza moteri ya maboti. Ile Promota yako alimufukuza."

"Si Promota wangu."

"Alimufukuza juu alisema kweli. Banspekta bakakuya ku shule, bakakuta mikroskopu kumi ku meza. Kabanga akabaambia: zimeletwa jana, kesho zinarudia kwa mwenyewe. Mbele ya Promota. Kesho yake, mutoto inje. Ku shule zingine bakamukatala, Promota alibapigia simu yote. Na mwezi ule ule dada yake akaona hii jiwe yenu."

Mbuyi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakuniangalia.

"Mapasa banakulaka sawa," mama akaendelea, sasa polepole, kama anamfundisha mgeni. "Ukipatia mumoja biskiti, unaivunja. Mumoja akisafiri, sehemu yake inangoya ku sahani. Ukipitisha mumoja juu ya mwengine, unabagombanisha mpaka kufa. Hii jiwe, inavunjika?"

"Haivunjiki."

"Basi beba na Fanta yako."

Nimeibeba. Kasha zima, mvuani, mbele ya majirani.

9 Februari

Nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia mama kwa kukataa heshima ambayo binti yake ameistahili. Nimemkasirikia Mwenya kwa mikroskopu za kukodi. Nimejikasirikia mimi zaidi, na hilo sijalizoea.

15 Februari

Kanuni zinaruhusu herufi kumi na sita. Nimempelekea Mbuyi pendekezo: Mbuyikabanga, neno moja, herufi kumi na mbili, haki kwa wote.

"Tantine," amesema, "hiyo ni jina ya kampuni ya mabasi."

2 Machi

Barabara ya Kilwa imekatika. Malori yamezama matopeni baada ya Kasomeno, na simu za Kilwa hazipatikani. Mama Mapasa, maana sasa namwita kwa jina lake, anasema hakuna jina litakaloondoka kabla Kabanga hajaulizwa. Tulimpa ujumbe dereva mmoja, Fils, anayepeleka sukari na kurudi na samaki. Fils amekwama huko na ujumbe wetu na sukari yetu.

Serikali kumi zimeahidi barabara ile. Tunajua njia ya jiwe kwa miaka mia ijayo, hatujui lori litafika lini Kilwa.

14 Machi

Mvua. Fils hajafika.

20 Machi

Mbuyi amekuja peke yake, amekaa kwenye ngazi yangu.

"Nimeamua," amesema. "Liitwe Kabanga."

Nililipuka. Nilimwambia nimepigana miezi minne kwa ajili ya jina lake, nimetukanwa redioni, nimemchafua kila mtu kuanzia Promota mpaka mwalimu wake, na yeye analitoa kama mtu anayetoa kiti kwenye kilio.

Alingoja nimalize. Ana subira ya mtu aliyezoea kutazama nukta.

"Ulipigania jina langu, tantine, na nakushukuru. Lakini hukuniuliza kama ninalitaka."

"Sasa nakuuliza."

"Shule niliikula mimi peke yangu. Diploma, chuo kikuu, kompyuta, kila kitu. Sehemu ya Kabanga haikuwekwa hata ku sahani. Hii ndiyo kitu ya kwanza niko nayo ya kumupa yenye inafanana na ile nilipewa." Akainuka kwenye ngazi. "Na Promota atalisoma."

Hapo nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemfanya bendera. Kumbe msichana huyu ana hasira kuliko mimi, ila yake haipigi kelele.

"Mama anasemaje?"

"Amesema sawa. Amesema tuulize mwenyewe."

27 Machi

Simu imelia saa nne asubuhi, tukiwa sote watatu kwa Mama Mapasa. Fils amefika Kilwa juzi. Kabanga alikuwa amepanda juu ya boti lililovutwa nchi kavu ili apate mtandao. Sauti ilikuja na kuondoka pamoja na upepo.

"Tantine Michelle njo yule anapigaka makelele ku gazeti?"

"Ndiye mimi."

"Samaki ya hapa tunaifungia mu makala yako."

Mama yake akacheka mpaka akashika meza. Mbuyi akamweleza kuhusu jiwe. Upepo ukavuma kwenye simu, tukadhani imekatika.

"Inatembea bila moteri?" akauliza.

"Bila moteri," akasema Mbuyi.

"Na haiharibike ku njia?"

"Haijaharibika tangu dunia haijakuwa dunia."

"Eh!" Tukasikia anawaambia watu walio chini ya boti, nao wakapiga kelele. "Basi hiyo inaweza kubeba jina yangu. Lakini baandike kazi yangu. Baache kuandika tu ndugu ya fulani."

31 Machi

Gérard amekuja nyumbani kwangu jioni amelowa chapachapa. Nilidhani amekuja kuniambia ameshindwa.

"Nimetuma," akasema. "Saa tisa. Kabanga."

"Na Promota?"

"Nilituma kwanza, halafu nikaenda kumwambia. Miye ni mwoga, mama. Ningeanza na yeye, nisingetuma."

Promota alimuuliza ni Kabanga gani. Gérard akajibu: "Ule wa mikroskopu." Anasema Honorable alimwambia tu afunge mlango akitoka.

Nilimpa taulo na chai. Nilimchapa mtu huyu gazetini kwa jina lake kamili, na kumbe alikuwa anahesabu watoto wake wakati mimi nahesabu saini.

12 Aprili

Gérard amefukuzwa. "Kupunguza wafanyakazi," wanasema. Amepunguzwa yeye peke yake.

Nilimuuliza niandike au ninyamaze, maana sasa nauliza. "Andika," akasema. "Na jina langu weka yote, mpaka ya baba."

Nimeandika. Wazazi wawili wamekwisha kuwatoa watoto wao katika shule ile na kuwapeleka kwake kwa masomo ya jioni. Wawili tu. Mia tano wengine wanalipa na kushukuru, chini ya bati linalovuja, na jambo hilo linanichefua kuliko Mwenya mwenyewe, kwa sababu Mwenya ni mmoja.

26 Aprili

Mvua imepungua. Asubuhi kuna ubaridi.

17 Mei

Hakuna wingu hata moja. Kamati imetangaza majina mapya leo, na letu limo. Maelezo chini yake ni mistari miwili. Mimi niliandika ukurasa, Gérard akakata, Mbuyi akakata tena, na kilichobaki kinasema kwamba Kabanga ni fundi wa injini za boti mjini Kilwa, na ni pacha wa Mbuyi, aliyeligundua jiwe hili akiwa mwanafunzi Lubumbashi. Hakuna mikroskopu. Hakuna Promota. Hakuna zege la Likasi. Nimeyasoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kuingiza neno moja kali, sikupata, na nimekasirika.

Nimeenda nalo soko la Kenya, kwenye simu. Mbuyi alikuwa huko tayari, amekaa nyuma ya meza na mama yake. Mama Mapasa alinirudishia simu. "Soma weye, kwa sauti. Weye unajua kupiga makelele."

Nikasoma jina. Wauza vikwembe wote wakanyanyuka, vigelegele vikaanza upande wa viungo vikaja mpaka kwetu. Halafu mwanamke mmoja wa meza ya tatu, ambaye simjui, akapaza sauti juu ya wenzake, mikono kiunoni, yuko tayari kwa ugomvi:

"Banapatia Kabanga! Na Mbuyi? Sehemu ya Mbuyi iko wapi?"

Nilifungua kinywa. Mama Mapasa akanishika mkono.

"Ile jiwe, Mbuyi njo alimuona," akamwambia.

Yule mwanamke akafikiri. Kisha akakaa.